Chai ya Chupa ya Tatu

Programu ilinipa upinde wa mvua bila kuombwa:
buluu, kijani, manjano, nyekundu,
na visima vya Lamu vikakaa kijani, kana kwamba hakuna neno.
Cha Gadeni, kijani.
Cha Langoni, nyuma ya duka la vitambaa, kijani.
Cha kwetu Mkomani, kijani,
ilhali samaki wa birika wameelea tangu Jumanne
na Bi Mwanasiti anasukutua kwa maji ya dukani.

Kosa halikuwa kwenye vipimo.
Lali Shekuwe alikwenda kisima kwa kisima,
kamba begani, kipima-chumvi mfukoni.
Kosa ni kisima kimoja cha Wiyoni, kilichokufa zamani:
elfu tisa na mia nne.
Kimejitwalia nyekundu yote,
sisi wengine tumebanwa kijanini.

Nikamwita Lali atazame.
"Kijani ni ipi?"
Miaka minne tunakula sinia moja, sikujua:
kwake pilipili mbichi na iliyoiva ni moja
mpaka iguse ulimi.

Basi nikafuta upinde.
Chini nikaweka weupe wa chokaa,
juu nili, ile ya kukaribia usiku,
giza lizidi kadiri chumvi inavyozidi,
mia tatu na mia tatu na kumi
zisikae kama majirani wasiosalimiana.
Kikomo nikakishusha: elfu nne.
Cha Wiyoni na kiwe cheusi, habari zake tunazo.

Ilibaki katikati. Rangi igeukie wapi?
Mwongozo mmoja ulisema hivi, mwingine vile.
Nikampelekea Bi Mwanasiti chupa tano zisizo na jina.
Akapika chai tano.
Ya tatu, maziwa yakakatika.
"Ni haya," akasema, "mai yamfanyayo mtu
amwongopee mgeni."
Namba ya chupa ile nikaiandika katikati.

Ramani ikaanza kukolea kutoka ufukweni kupanda juu,
kama pindo la kanga linavyonyonya maji,
polepole, bila mstari.

Printa ya ofisi haina wino wa rangi tangu Shaabani.
Karatasi ikatoka kijivu kitupu.
Lali akaipeleka dirishani,
kidole kikapita mtaa kwa mtaa,
kikasimama.
"Kwenu," akasema.

Hakukosea.