Adapta ya Volti Kumi na Mbili

Amplifaya yangu ya hedifoni niliiokota Dundee,
duka la hisani la Hilltown, pauni ishirini na nne,
haina boksi wala karatasi, ndogo kama kopo la sadini,
na adapta yake nyeusi
nyepesi kama ganda la yai.

Kazini Fergus aliipima kiganjani, akacheka kwa pua.
"Ugonjwa wako ndio huu. Unamlisha farasi pumba."
Yeye anayo ya transfoma, bati tupu na shaba,
ikikuangukia mguuni unalala hospitali.
Pauni tisini na tano.
"Nyuma ya muziki patakuwa peusi," aliniahidi,
"utamsikia mwimbaji akimeza mate."

Nikapiga hesabu.
Nani humnunulia mbuzi kamba
ya bei ya mbuzi wanne?

Lakini mvumo ulikuwepo, sisemi uongo.
Kwenye kanda ya mazoezi, Tanga, mwaka themanini na saba,
chini ya kanuni ya kaka yangu Mbwana,
kitu kilinguruma, mmmm,
kama mtu anayekubali jambo bila kulisikiliza.

Fergus akaniazima lake wiki moja.
Nililipakata ndani ya basi kama mtoto mwenye homa.
Usiku wa kwanza niliapa: mbingu na ardhi!
Besi imeshuka ngazi, fidla zimepanguswa vumbi.
Rukia, njoo usikie.
Mke wangu akasikiliza nusu dakika.
"Nzuri," akasema,
kwa sauti ile ile anayosifia pazia.

Binti yetu Salha, anayesomea fizikia, hakusema kitu.
Alinifunga kitambaa machoni,
akawa anabadilisha plagi nyuma ya kochi,
mara nyingine akijifanya tu anabadilisha.
Mara ishirini. Aliandika nyuma ya bahasha ya kampuni ya umeme.
Nilipatia kumi na moja.
"Baba, hata sarafu ikirushwa..."
Hakumalizia. Ana adabu.

Ila kule chini, kati ya vumbi na soksi,
aliona chaja ya kompyuta imekumbatiana na adapta yangu
kwenye ekstensheni moja.
Akaihamishia ukuta wa pili.
Mlio mwembamba, wa mbu,
ambao sikuwa nikijua ninausikia,
ukakoma.
Gharama: hatua tatu.

Mvumo mnene ulibaki. Kwa la Fergus ulibaki,
kwa yangu ulibaki.
Nikampigia Mbwana, nikamchezea kipande kwenye simu.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Hiyo jenereta ya Kheri Mdachi, nyuma ya ukumbi!
Umeme ulikatika kila Alhamisi.
Sikiliza mwisho wa wimbo wa tatu."

Nikasikiliza, kwa adapta yangu ya ganda la yai.
Inakohoa mara mbili. Inazimika. Mafuta yamekwisha.
Na hapo nyuma ya muziki pakawa peusi,
peusi kama Fergus alivyoahidi,
kanuni ikiendelea gizani peke yake,
hadi mtu akasema, jamani, kibiriti,
na nikaisikia njiti ikikwaruzwa.

Huenda ni masikio yangu ya miaka hamsini na sita.
Huenda mwenye amplifaya ya pauni elfu
anasikia mate ya mwimbaji kila usiku. Na ale raha zake.

Jumatatu nilimrudishia Fergus mzigo wake.
Nikasema: tamu, ila si ya mfuko wangu.
Habari ya bahasha sikumtajia.
Mtu na tisini na tano zake, waache wapendane.

Kurudi nikapitia dukani na kadi ya mita,
maana yetu ni ya kulipia kwanza, na ilikuwa Februari.
Nikaweka ishirini.
Muuzaji akauliza, risiti?
Nikasema, ndiyo, nipe.
Binti yangu huandika nyuma yake.