Mia Tano ya Mwisho

Jeneza la Kosmasi lilikuwa la mninga.
Laki mbili na arobaini: nusu taslimu,
nusu neno langu.
Fundi Gaudensi akalamba ncha ya penseli,
akaandika daftarini: Valburga Nandonde, laki na ishirini,
na mahali pa tarehe ya kumaliza
akapiga mstari mtupu.

Elfu tano kila mwezi, basi.
Natoka majaruba ya chumvi, visigino vimepasuka,
nyayo nyeupe kama nimekanyaga unga,
naikata Mikindani yote kwa miguu
hadi karakana yake nyuma ya kanisa.
Noti zangu zililowa jasho na magadi.
Alizianika juu ya msumeno, bila neno.

Mwezi wa tatu alinipa kigoda.
Mwezi wa saba, chai ya mchaichai.
Mwezi wa tisa nilimkuta anachonga mabenchi ya kanisa,
maranda kichwani kama kuku aliyetoka kuatamia,
nikacheka,
halafu nikaogopa:
tangu msiba sikuwa nimeisikia sauti hiyo ikitoka kwangu.

Alikuwa na miaka mitatu ya Namupa nyuma yake,
seminari iliyomrudisha na Kilatini kidogo
na randa ya mmisionari aliyekufa.
Watu walisema, huyo Mungu alimwazima akamrudisha.
Yeye alisema, sikurudishwa.
Nilibadilishiwa kazi.

Usiku nasali rozari napotea hesabu,
nakuta vidole vinahesabu miezi iliyobaki.
Nikaenda kuungama.
"Dhambi iko wapi hapo?" Padre akauliza.
Nikasema, "Padre, sitaki deni liishe."
Akakohoa nyuma ya wavu, akakohoa tena.
Kitubio: Salamu Maria moja.
Moja tu.

Mwezi wa ishirini na nne
niliiweka noti mezani kama mtu anayerudisha ufunguo wa nyumba.
Akavuta droo,
akanisukumia sarafu.
"Chenji yako."
Chenji ya nini, fundi? Hesabu si imetimia?
"Imebaki mia tano," akasema, masikio yamemwiva.
"Utaileta mwezi ujao."

Miezi sita nilipeleka mia tano ile ile.
Miezi sita aliikagua, akasema leo droo haifunguki.
Wa saba hakusema habari ya droo.
Alisema habari ya nyumba,
kwamba paa lake halivuji,
kwamba amepima mlango na mimi nitapita bila kuinama.
Ndivyo anavyoposa mtu aliyezoea mbao.

Tangazo la kwanza likapita. La pili likapita.
La tatu, Padre alipouliza nani anajua kizuizi,
benchi moja upande wa wanawake likalia.
Bibi Otilia, mama yake Kosmasi,
aliinuka ameushika mgongo wa benchi
lililochongwa na Gaudensi.
Kanisa zima likameza mate.
Nje, maji kupwa, kaa walisikika
wakikwaruza mizizi ya mikoko.

"Kipo," akasema.
"Jumamosi hiyo hela za korosho zitakuwa hazijaingia.
Mnataka mwanangu aolewe kwa pilau la kukopa?
Madeni aliyolipa huyu yanatosha.
Sogezeni wiki mbili."

"Bibi, wiki mbili tutakuwa tumeingia Majilio."

"Basi moja,"
akasema, akakaa, akatengeneza kanga yake
kama aliyemaliza kupatana bei ya dagaa.

Mwanangu, alisema.
Hakusema mkwe.
Sikusikia wimbo wa matoleo, sikusikia kengele;
nilikuwa bado nimesimama
wakati wenzangu wote wamepiga magoti.

Sarafu ninayo. Nimeishona kwenye pindo la gauni,
upande wa kushoto, inagonga kifundo nikitembea.
Gaudensi hajui.
Jana amenikumbusha,
mwezi huu sijaleta.