Mboga Nyeusi

Wiki ya kwanza walibisha watatu,
mmoja kashika chupa tupu ya kubadilishia,
wakauliza baa inafunguliwa saa ngapi.
Siwalaumu. Kontena nyuma ya gereji, Pasua,
mwanga wa zambarau unavuja chini ya mlango
mpaka kwenye tope la njia:
nani angedhani humo mna mchicha?

Nikawafungulia waone.
Trei juu ya trei, kama vitanda vya bweni,
na mchicha umesimama, mweusi ti.
"Umeungua?" akauliza Anaeli, yule wa chupa.

Haujaungua.
Taa hizi zina rangi mbili, nyekundu na buluu,
ndizo jani linazozilia kwa pupa.
Kijani hulirudishia macho yetu kama chenji,
na humu sikuweka kijani cha kurudishwa.
Kwa hiyo nalima kitu nisichokiona.

Uongo huu niliusomea Usa River, kwenye maua.
Saa sita za usiku nilibonyeza swichi,
banda zima likapigwa mchana wa kughushi
ili mashina yasijue kwamba usiku umerefuka,
yasichanue. Tuliuza vikonyo, si maua.
"Ua likishajua," alisema msimamizi Loibanguti,
"halishauriki tena."
Miaka minne nililipwa kulinda siri hiyo.

Mama aliteremka kutoka Kibosho na ndizi mshare kichwani.
Kule kihambani kahawa hukaa chini ya mgomba,
mgomba chini ya mringaringa,
kila mmoja akila jua alilobakiza mwenzake,
na hakuna anayenunua uniti.
Alizunguka trei zangu kimya,
akagusa jani, akanusa kidole.
"Aikande. Na usiku wao ni lini?"

Nikamwonyesha saa ya ukutani inayoamrisha taa:
saa nne zinazima, saa kumi zinawaka.
Akahesabu kwa vifundo vya vidole.
"Sita," akasema. "Hata ng'ombe wa zizini nampa zaidi."
Hakusema lingine. Alilala, akaondoka na gari la asubuhi.
Kwenye kitasa cha kontena nilikuta jani la isale
limepigwa fundo.

Fundo la isale ni ombi la msamaha, hilo najua.
Sikujua nani anaombewa, wala kwa nani:
mimi kwa mchicha,
au mchicha kwa jua.
Jioni ile nilirudisha mshale mpaka saa mbili.

Sasa unachelewa siku tano kukomaa.
Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la madeni:
fungu moja linakula umeme wa mia mbili na arobaini,
nauza mia tatu,
na pale Mbuyuni wanauza mia mbili, wa jua la bure.
Shemeji yangu anacheka mpaka anakohoa.
Lakini ngoja mwezi wa nne,
mvua ikishaozesha matuta yote ya Mabogini,
tuone atakuja kubisha mlango wa nani.

Kulipopambazuka leo nilitoa trei ya kwanza.
Nusu ya trei ndani, nusu nje,
na pale pale kizingitini rangi ikaruka,
kijani kibichi, cha kuumiza meno,
kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla.
Nashtuka kila mara.
Wiki tano tumelala chumba kimoja
na sikuwahi kuuona uso wake.

Anaeli alikuwa njiani, anarudi zamu ya usiku.
Siku hizi hanunui bia, ananunua mafungu mawili.
Akauinua mmoja kwenye mwanga:
"Kumbe ulikuwa unaficha huu."
Nilitaka kumjibu, nikakosa neno,
nikampa chenji.
Ndani Luku ilianza kulia,
pi, pi, pi,
kama kifaranga aliyeachwa nje ya tenga.