Sifuri

Haima, Julai. Saa saba mchana.
Bunduki tuliizika juzi mchangani,
tukaichovya maji ya chumvi yaliyoletwa kwa pipa kutoka Duqm,
tukaianika juu ya boneti, mpaka Luteni Hilal
akaishika kwa kitambaa, kama sufuria ya wali.

Sikuipangusa. Ndiyo kanuni.
Risasi thelathini. Nikaokota maganda:
thelathini.
Kwenye fomu, mahali pa kukwama,
nikaandika sifuri, wino ukakauka
kabla duara halijafunga.

Jioni mama akapiga simu kutoka Maskati.
Kiunguja chake kilekile,
hakijaota kutu miaka hamsini na ushei.
"Umekula nini, Mundhir?"
Neno la kwanza likatoka.
La pili likakaa kooni,
nikavuta, nikasukuma,
nikamalizia kwa Kiarabu.

Akanyamaza kidogo. "Haya, baba."

Usiku niliifungua bunduki juu ya gazeti.
Mchanga ukamwagika, kijiko kizima,
na humohumo ilikuwa ikifyatuka.
Nikaketi na kopo la mafuta mkononi,
nikijaribu kwa sauti ndogo,
wenzangu wasisikie:
kisamvu. Kisamvu. Nimekula kisamvu.

Uongo.
Lakini neno limetoka.