Kikono

Springi ya kwanza ilikatika kabla ya korongo.
Ya pili ilivuka, ikalia, ikalala.
Ya tatu niliinunua Majengo, imetolewa kwenye Noah,
ngumu kama moyo wa mdai.
Haikukatika. Lakini mgonjwa wetu wa majaribio,
gunia la pumba lenye trei ya mayai tumboni,
alifika ng'ambo akiwa kimanda.

Nyemo, msaidizi wangu, alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi sikucheka. Mwezi wa saba ulishaingia,
na Sechelela, jirani yetu, alikuwa anahesabu wiki.

Toroli lenyewe ni jambo dogo:
mabomba, magurudumu mawili ya pikipiki, kitanda, turubai.
Kazi ni barabara ya Makang'wa,
ambayo haijui kwamba kuna mtu amebeba mtu.

Nilikwenda shambani kwa baba, si kutafuta jibu.
Nilikuwa namkimbia aliyenikopesha nondo.
Upepo ulikuwa ule wetu, usiobisha hodi,
unaobeba kofia, na bati, na neno kabla halijafika.
Mizabibu yote ilikuwa inayumba kwenye nyaya
na hakuna tawi lililodondoka.

Nikainama.
Kikono kimoja, chembamba kuliko waya wa redio,
huku kimeshika seng'enge,
huku kimeshikwa na mama yake.
Katikati kimejisokota. Nikahesabu kwa ukucha:
mizunguko saba kwenda kulia,
kisha mahali patupu, kama mtu aliyesita mlangoni,
kisha saba kwenda kushoto.

Aliyeshikwa pande zote mbili
hawezi kujisokota upande mmoja tu.
Anachokunja huku, atakilipa kule.
Nikakivuta, kikaja.
Nikakiachia, kikarudi bila kuruka,
kama mkono unaorudishwa baada ya salamu.

Nilikata kumi na viwili, nikavitia mfukoni.
"Unaninyonga mizabibu?" baba akauliza.
Nikasema, nasoma.
"Basi soma bila kuchuma." Akaendelea kufunga matawi.

Siku kumi na tisa.
Mmea hukua; chuma hulazimishwa.
Nilikipasha, nikakizungushia bomba,
na kila nilipofika katikati, pa kugeukia,
ndipo kilipokatika. Palepale. Mara tano.
Nikarudi shambani, safari hii bila mkasi,
nikaona nilichokiruka:
kikono hakigeuki kwa kona.
Kinanyooka kidogo, kinapumua,
ndipo kinaanza upande wa pili.
Nikakipa chuma pumzi ya vidole vinne.

Mayai ishirini na tisa mazima.
Hilo moja, Nyemo anaapa, lilitoka dukani na ufa.

Watu huniita mbunifu. Sikubuni kitu.
Nilichungulia daftari la mwenzangu wa dawati la mbele
ambaye hakujua kuficha,
na hata kunakili nilinakili vibaya:
changu kinadai grisi, kinashika kutu,
wala hakiwezi kunyoosha kidole gizani
kikautafuta waya wake chenyewe.

Usiku wa Sechelela, Agosti inaishia,
Nyemo alikuwa kwenye pikipiki, mimi nyuma na tochi.
Mungu anisamehe, sikumtazama mgonjwa.
Nilitazama springi.
Korongoni zilifunguka zote nne,
zikakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda,
zikajifunga.
Sauti ikatoka chini ya turubai:
"Jamani, bado hatujaondoka tu?"

Taa za hospitali ya Mvumi zilikuwa zinaonekana.

Baada ya mavuno baba alipogoa shamba zima,
isipokuwa mstari wa tatu.
Nilimuuliza kwa nini.
Akasema mkasi umeisha makali.
Nami nilikuwa nimeunoa mwenyewe, Jumapili.