Kisanduku cha Saba

Fomu ina kurasa nne, na kisanduku cha saba
kinadai aeleze kilichotokea.
Kimeachiwa mistari mitatu,
mifupi kama subira ya aliyeichora.

Daiva ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia umelala ndani ya plasta
kama mkate uliosahauliwa tanurini.
Nje, Grimsby, mvua inapiga kwa ubavu.
Nyuma ya ukuta mashine inakata vichwa vya samaki,
tak, tak, haijui kuna mtu hayupo.

Kamusi yake, aliyoinunua Klaipėda wiki ya safari,
imekwisha kunuka chumvi. Inampa vitenzi vitatu:
slip, trip, fall.
Vyote vifupi, vyote huishia chini,
vimepangwa kama ndugu waliovalishwa sare.
Lakini ndugu hawadaiwi deni moja.

Akiandika aliteleza, wataulizia buti.
Na buti zake, Mungu anajua, soli ni laini kama kipande cha sabuni;
aliomba nyingine tangu Januari, kwa mdomo,
na mdomo hautoi nakala.
Tena wataleta picha ya kibao cha njano
chenye kijitu kilichorusha miguu hewani:
Ulionywa, bibi.

Akiandika alijikwaa, patatakiwa kitu cha kujikwaa.
Kilikuwapo. Mpira wa maji, wa bluu, umekatiza njia,
na mpira haujitupi.
Callum, miaka kumi na tisa, aliuacha pale akakimbilia simu.
Callum huyo huyo akavua koti, akalikunja,
akalisukuma chini ya kichwa chake,
akaomba radhi mara kumi na moja.
Daiva alihesabu; maumivu yalitaka kazi ya kufanya.

Alianguka, basi?
Tufaha huanguka, bei huanguka, na serikali.
Kitenzi kisicho na mkosaji wala sababu.
Kampuni ingekipenda, ingemletea kadi yenye maua.

(Lugha ninayoandikia mimi inasema
kuteleza si kuanguka.
Waliotunga walikuwa wanafariji mtu.
Hawakujua iko ofisi, kaskazini huko,
ambako faraja yao ingesomwa kama kifungu cha sheria.)

Kwao lipo neno, pargriuvau,
lina kishindo ndani yake, na magoti, na aibu kidogo.
Analitamka kimoyomoyo
na mfupa unaitika.
Fomu haina sikio.

Thackray anachungulia mlangoni na kikombe chake.
"Bado? Chagua lolote tu. Yote ni yale yale."

Yale yale.
Anaitazama chai yake ikitoa mvuke,
anautazama mkono wake mweupe usio wake,
kisha anaandika, herufi zikiegemea nyuma
kama watu wanaopanda kilima kwenye upepo:

Maji yalikuwa sakafuni.
Mpira ulikuwa sakafuni.
Halafu mimi nilikuwa sakafuni.

Thackray anasoma. Anarudia, midomo ikisogea.
"Hujasema ulifanya nini."
"Sikufanya kitu," anasema Daiva.
"Nilikuwa."
Kitenzi cha wiki ya kwanza, darasa la jioni pale maktaba,
walichopewa kabla ya kula na kwenda,
kabla hata ya kuomba.
Thackray anakuna shingo. Itabidi aulize juu.
Muhuri anaurudisha mfukoni.

Kwenye korido Callum anaviringisha mpira kwenye ndoano,
duara juu ya duara, polepole,
kama anayefunga kidonda cha mtu aliyelala.
Hainui macho.
"Umeandika nini?"

Daiva anapandisha bega moja,
lile zima,
na kuangalia anapokanyaga.