Hesabu za Usiku

Miaka kumi na mmoja nimelala upande wa dirisha
nikihesabu.
Veikko hukoroma kama garimoshi la ngano
linaloshuka bandarini, mabehewa mia,
halafu, katikati ya njia, kimya.
Moja. Mbili. Tatu.
Nje theluji haina haraka.
Kumi na tisa. Ishirini.
Nikifika thelathini kiwiko changu kinajua kazi yake.
Husemwa usingizi ni nusu ya kifo;
mume wangu alikuwa amekopa robo nyingine juu yake.

Kliniki ya Thunder Bay walimfunga nyaya kichwani, kifuani,
wakamwambia, lala kama uko kwako.
Asubuhi Daktari Beaulne akasoma karatasi kwa sauti ya karani:
pumzi hukatika mara arobaini na tatu kila saa.
Veikko akauliza kama hiyo ni rekodi ya mkoa.

Ikaja mashine. Bomba, mikanda, barakoa puani.
Nililala na rubani asiyeruka.
Kunibusu usiku mwema kulihitaji afunguliwe kwanza,
na saa tisa alikuwa ameshaivua usingizini
kama mtoto avuavyo soksi,
hewa ikivuma bure juu ya mto,
nami nimerudi kwenye hesabu.

Sasa kuna kalamu ndani ya friji,
ubavuni mwa siagi, nyuma ya chupa ya haradali,
kalamu isiyoandika popote ila tumboni.
Kila Jumapili baada ya sauna
anabana ngozi kwa vidole viwili, anatazama dari,
anasema neno la Kifini
ambalo mama yangu asingeliruhusu mezani,
tik,
imekwisha.

Wiki za mwanzo alitapika supu ya samaki niliyoitolea jasho.
Nilikasirika, nikaona haya kukasirika.
Kisha njaa ikanyamaza. Anasema ilikuwa redio
iliyowashwa kichwani mwake tangu utotoni;
hakujua kama ina kitufe.
Mikate yangu ya iliki inakaukia koponi.
Mimi niliyempata kwa iliki
namtazama akila nusu, akikunja kitambaa, akishukuru.
Ni ujinga kuionea sindano wivu.
Naionea.

Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo kilivyojaa,
miaka thelathini lorini, donati na kahawa za Longlac.
Sasa haba na haba kinamwagika.
Kilo ishirini na sita.
Pete ilimponyoka akizoa theluji mlangoni;
theluji ikaturudishia mwezi wa nne.
Shingo yake imerejea. Nilikuwa nimesahau
ile baka ndogo chini ya sikio.

Wakampima tena. Mara nane kwa saa.
Daktari hakusema amepona. Alisema tuone,
alisema bima, alisema bei,
alisema huenda ikawa dawa ya maisha.
Mashine tumeivalisha foronya, tukaiweka kabatini.
Hatukuitupa. Umri huu hatutupi kitu kilichowahi kutufaa.

Jana niliamka saa tisa.
Hakuna garimoshi. Hakuna rubani.
Moja, mbili,
nikafika arobaini, kiwiko kimeshainuka,
ndipo nikasikia: anapumua.
Alikuwa anapumua muda wote,
polepole, kama mtu anayefuta kioo cha miwani,
sauti ndogo mno
kwa masikio niliyoyazoesha maafa.

Nikakishusha kiwiko.
Nilikesha hadi gari la kukwangua theluji lilipopita,
taa yake ya manjano ikizunguka ukutani.
Hakuna kalamu friji lile
ya mlinzi aliyeachwa bila lindo.
Nikaweka kiganja mgongoni mwake.
Kikapanda. Kikashuka.
Nikaanza upya:
moja,
moja,
moja.